Pasteur na Jino la Mbwa

Katika milima ya Usambara mbwa si pambo la nyumba. Toka Soni hata Mtae mkulima humfuga ili mahindi yasiliwe na nyani na nguruwe mwitu, na mtoto apelekaye mbuzi malishoni hufuatana naye. Mbwa huyo anapomuuma mtu, wako wanaokimbilia dawa ya majani, na wako wanaongoja waone kama jeraha litapona. Jeraha huweza kupona kabisa, na kichaa cha mbwa kikawa tayari kimo safarini, kikipanda polepole katika mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Safari hiyo kwa kawaida huchukua majuma, pengine miezi. Dalili zikishatokea, tiba ya kutumainiwa hakuna.

Aliyeugeuza muda huo kuwa nafasi ya kuokoa maisha ni Mfaransa Louis Pasteur. Alizaliwa tarehe 27 Desemba, 1822, mjini Dole, baba yake akiwa mtengeneza ngozi, naye akakulia Arbois, karibu na milima ya Jura. Mwaka 1831, alipokuwa na umri wa miaka 8, mbwa mwitu mwenye kichaa aliwauma watu wa sehemu zile. Majeruhi walipelekwa kwa mhunzi, wakachomwa vidonda kwa chuma cha moto. Hata hivyo kadhaa walikufa.

Pasteur hakupata kuwa daktari, alikuwa mwanakemia. Kijidudu cha kichaa hakikuonekana kwa darubini za siku zile, lakini aliweza kukidhoofisha asichokiona. Yeye na wenzake walikausha uti wa mgongo wa sungura waliokufa kwa ugonjwa huo, na kila siku iliyopita sumu yake ilipungua. Wakaanza kudunga ule uliokauka mno, wakafuatisha uliokuwa mkali zaidi, ili mwili ujizatiti kabla kijidudu hakijafika ubongoni.

Tarehe 6 Julai, 1885, aliletewa Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 kutoka Alsace, siku mbili baada ya kuumwa. Sindano ilishikwa na daktari, kwa maana sheria haikumruhusu Pasteur mwenyewe. Mtoto akapona. Oktoba akaja Jean-Baptiste Jupille, kijana mchunga mifugo aliyepambana na mbwa mwenye kichaa ili kuwaokoa wachungaji wadogo. Naye akapona. Novemba akaletwa Louise Pelletier, msichana wa miaka 10, siku 37 baada ya kuumwa. Pasteur aliona hatari ya kushindwa, na jinsi wapinzani wake watakavyoshangilia, lakini hakumkataa. Louise alikufa mwezi uliofuata.

Yeyote aliyechelewa na aende hospitali hata leo, maadamu dalili hazijatokea. Lakini kwa nini kuchelewa? Kazi ya kwanza hufanyika pale pale kijijini: kidonda kioshwe kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisitiwe majani wala pilipili, kisifungwe kwa kukazwa. Kisha, siku hiyo hiyo, safari ya hospitali, hata kama mbwa anaonekana mzima na kidonda ni mkwaruzo tu. Chanjo ya sasa haitokani na sungura, nayo ni sindano chache. Jeraha la kichwani au usoni lisingoje hata saa moja, maana njia yake ya kufika ubongoni ni fupi. Na mwenye mbwa amchanje mbwa wake kila mwaka.

Chuo kilichofunguliwa Paris mwaka 1888 kwa jina la Pasteur ndicho alikotoka Alexandre Yersin, aliyekitambua mwaka 1894 kijidudu cha tauni, ugonjwa ulioingia vijiji vya Lushoto mwaka 1980. Pasteur mwenyewe alifariki tarehe 28 Septemba, 1895, na tarehe hiyo sasa ndiyo Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Joseph Meister alipokuwa mtu mzima alifanywa bawabu wa chuo kile. Alifariki mwaka 1940, miaka 55 baada ya kuumwa.