Habari za Alan Turing, na Jinsi Nilivyopata Kumjua

Katika sehemu hii ya Kiswahili, ambayo najua wengi wenu huiruka, nataka kuwasimulia habari za Mwingereza mmoja aliyefariki zamani, jina lake Alan Turing. Sikumtafuta mtu huyu. Nilifikishwa kwake na kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana chama chetu cha kompyuta kilitengeneza programu ya kujumlisha alama za mitihani, na mwandishi wake mkubwa nilikuwa mimi. Tuliitazama, tukajisifu, tukaikabidhi. Kumbe mwanafunzi aliyekosa karatasi moja kwa ajili ya ugonjwa, programu yangu ilimhesabia sifuri! Kijana mmoja wa Senior 3, aliyekuwa amelazwa kwa malaria, akaanguka kutoka nafasi ya 4 hadi ya 51, na jina lake likatoka katika orodha ya wanaolipiwa karo. Kwa muda wa siku tisa aliamini kwamba hatarudi tena shuleni. Orodha ilisahihishwa, lakini hata leo nikipishana naye njiani huona haya.

Mwalimu wetu wa hesabu hakunigombeza. Aliniagiza niandike majaribio, yaani programu ndogo ndogo za kuijaribu ile kubwa. Moja huipa mwanafunzi aliyekosa karatasi, nyingine wanafunzi wawili wenye alama sawa, nyingine darasa lisilo na mtu, na kila moja hulinganisha jibu lililotoka na jibu ninalolijua kuwa la kweli. Kisha niandike skripti, yaani mfululizo wa amri, ya kuyaendesha yote bila mtu kugusa kitu, nayo mwishoni ionyeshe yapi yamefaulu na yapi yameanguka. Halafu akanipa kitabu cha maisha ya Turing nikisome likizoni.

Turing alizaliwa mjini London tarehe 23 Juni 1912. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya Waingereza huko India, kwa hiyo yeye na kaka yake waliachwa Uingereza walelewe na watu wengine. Mwaka 1926, siku alipotakiwa kwenda kuanza shule ya bweni ya Sherborne, palikuwa na mgomo mkuu wa wafanyakazi, garimoshi hazisafiri. Basi akapanda baiskeli yake pale Southampton, akaenda kama maili 60, akalala njiani usiku mmoja, akafika. Alikuwa hajatimiza miaka 14. Ninyi mnaonung'unikia basi la kurudia shuleni, mfikirieni.

Huko shuleni alipata rafiki mmoja mpenda elimu kama yeye, Christopher Morcom. Rafiki huyo alikufa kwa kifua kikuu mwezi wa Februari 1930, na Turing alihuzunika kwa miaka mingi.

Mwaka 1931 aliingia King's College, Cambridge, na mwaka 1936 akaandika habari ya mashine ambayo haikuwapo duniani. Ilikuwa na utepe mrefu usio na mwisho, uliogawanywa vyumba vyumba. Mashine husoma alama ya chumba kimoja, huifuta au huandika nyingine, kisha husogea kulia au kushoto. Basi, ni hivyo tu. Akaonyesha kwamba mashine moja ya namna hii yaweza kufanya kazi ya nyingine zote, mradi ipewe maelezo yake. Lakini akaonyesha na jambo la pili, ambalo nililisoma mara tatu kabla ya kulielewa: haiwezekani kuwa na mashine ambayo, ikipewa programu yo yote, itaweza kusema kwa hakika kama programu hiyo itaandika alama fulani siku moja au haitaiandika kamwe. Maana yake kwangu ni kwamba hakuna kompyuta itakayozichungulia programu zetu zote na kutujibu kila mara bila kukosea. Nilikuwa nimetazama tu nikajisifu. Yeye alijua miaka 90 iliyopita kwamba hata mashine haitoshi kutazama tu.

Vita vilipoanza mwaka 1939 aliitwa Bletchley Park, mahali pa siri palipofumbuliwa barua za adui. Wajerumani walificha maneno yao kwa mashine iitwayo Enigma. Ilikuwa na magurudumu matatu yenye herufi 26 kila moja, hivyo yaweza kuanzia mahali 17,576. Katika jeshi la majini magurudumu hayo matatu yalichaguliwa kati ya manane, jumla mipango 336, bila kuhesabu nyaya zilizochomekwa mbele. Tena mpangilio wote ulibadilishwa mara kwa mara, na kazi ikaanza upya.

Wataalamu wa Poland walikuwa wametangulia kutengeneza mashine ya kupambana nayo, na Turing akabuni nyingine, iitwayo Bombe. Ya kwanza ilifika mwezi wa Machi 1940. Bombe haikusoma barua. Kazi yake ilikuwa kujaribu. Watu walikisia neno lililomo katika barua, na mashine ikapita mahali pamoja baada ya pengine, ikitupa kila palipoleta ubishi. Isipopata ubishi husimama, na hapo watu walipapima kwa mikono, maana mara nyingi ilisimama bure. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu bwenini, kwa kuwa niliiona skripti yangu imetengenezwa kwa chuma.

Hata hivyo mashine zilikuwa chache na mipango 336 ni mingi mno. Ndipo Turing akatunga njia iitwayo Banburismus, kwa jina la mji wa Banbury zilikochapwa karatasi zake. Barua zilitobolewa matundu katika karatasi ndefu, karatasi mbili zikawekwa moja juu ya nyingine, na matundu yaliyokutana yakahesabiwa. Kwa hesabu hiyo waliweza kuiacha mipango mingi kabla ya kuwasha Bombe. Yaani alichagua kwanza majaribio yafaayo, kisha akayaendesha.

Nami nilikuwa na taabu ya namna hiyo kwa udogo wake. Majaribio yetu yamefika 212, mengi huandaa ripoti nzima, na kompyuta yetu ni kuukuu. Yote pamoja huchukua dakika 40. Umeme ukikatika jenereta huwashwa saa mbili tu. Kwa hiyo nikaifundisha skripti kuchagua: kwanza yaliyoanguka mara iliyopita, kisha yanayohusu sehemu iliyoguswa siku hiyo, na Jumamosi yote.

Vita vilipokwisha Turing alichora mpango wa kompyuta iitwayo ACE, na mwaka 1947 akakimbia marathoni kwa saa 2 na dakika 46. Mwaka 1948 alihamia Manchester. Tarehe 24 Juni 1949, siku moja baada ya kutimiza miaka 37, alizungumza Cambridge juu ya kukagua programu kubwa. Alitoa mfano wa mtu anayejumlisha tarakimu nyingi: akiandika zile anazobeba, mkaguzi aweza kukagua safu moja moja, asipoziandika, mkaguzi hupata taabu kubwa. Vivyo hivyo mwandishi wa programu aandike, mahali mahali, mambo yapasayo kuwa kweli pale, kila moja likaguliwe peke yake.

Laiti ningalifanya hivyo mapema! Wiki ya tatu nilibadili namna ya kupanga majina tu. Skripti ikachagua majaribio 18, yote yakafaulu, nikaenda kulala kwa furaha. Jumamosi, yote 212 yalipoendeshwa, likaanguka lile la mwanafunzi mgonjwa. Nilipokuwa nikipanga majina nilikuwa nimejaza sifuri palipokuwa pametupu. Bahati ripoti hazijachapwa. Kosa halikuwa la skripti. Mimi ndimi niliyeiambia kwamba majina hayahusiani na alama.

Mwaka 1952 Turing alihukumiwa kwa uhusiano wake na mwanamume, jambo lililokuwa kosa katika sheria ya Uingereza wakati ule. Ili asifungwe alikubali kutiwa dawa za homoni kwa mwaka mmoja, na ruhusa yake ya kazi za siri ikaondolewa. Alikufa kwa sumu nyumbani kwake Wilmslow tarehe 7 Juni 1954, mwenye miaka 41. Mchunguzi wa vifo alisema alijiua. Mama yake aliamini ni ajali. Kazi yake ya Bletchley ilibaki siri mpaka miaka ya 1970. Msamaha wa kifalme ulitolewa mwaka 2013, na mwaka 2021 sura yake ikatiwa katika noti ya pauni 50.

Ripoti za muhula huu zitachapwa Ijumaa. Nimeongeza mstari mmoja katika skripti, kwamba jaribio la mwanafunzi mgonjwa liendeshwe kila mara, hata kama hakuna kilichoguswa.