Adriano Atiman, Munganga na Katekista wa Karema



Maji ya Ziwa letu la Kivu hushuka kwa mto Ruzizi mpaka kuingia Ziwa Tanganyika. Imani yetu ilifuata njia hiyo hiyo, ila yenyewe ilipanda. Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadiri Weupe, walikaa kwanza kando ya Tanganyika. Walifika Ujiji mwaka 1879, wakajenga Kibanga mwaka 1883, na mwaka 1885 wakakabidhiwa vituo viwili vilivyoachwa na maofisa Wabeleji: Mpala upande wetu wa Kongo, na Karema upande wa mashariki. Kwa vituo vya upande wetu ilikua Vikarieti ya Kongo ya Juu. Hiyo ikazaa Vikarieti ya Kivu mwaka 1929. Na mwaka 1959 likatokea Jimbo la Goma. Tunapowahesabu baba zetu katika imani, tunawataja Askofu Victor Roelens, Kapitani Joubert, na Padiri Stefano Kaoze aliyepewa upadiri mwaka 1917, wa kwanza kwa Wakongomani wa nyakati hizi. Ni haki kuwataja. Lakini mimi ni katekista, nami nimeona vema kuandika juu ya katekista mmoja wa Ziwa lile, ambaye vitabu vyetu humpitia haraka. Huyu alikuwa munganga aliyesoma Universite, na zamani kabla ya hapo aliuzwa sokoni kama mbuzi. Jina lake Adriano Atiman.

Alizaliwa karibu mwaka 1866 kwa kabila la Wasongai, kando ya mto mkubwa Nijeri, si mbali na muji wa Timbuktu, katika inchi inayoitwa leo Mali. Angali mtoto mdogo, wawindaji wa watu walimkamata, wakamvusha jangwa la Sahara. Sisi watu wa inchi ya milima na mvua hatuwezi kulifikiri vizuri jangwa lile: siku kwa siku mchanga, jua, kiu, na watumwa wakitembea nyuma ya ngamia. Wengi walibaki njiani. Yeye alifika Metlili, soko la kusini ya Algeria, na hapo Mapadiri Weupe walimkomboa mwaka 1876. Alikuwa na umri wa miaka kama kumi.

Nasema walimkomboa, na neno ni la kweli, kwani alipata uhuru. Lakini tusifiche jambo: ili kumkomboa mtoto ilipaswa kumlipa yule anayemuuza, na muuzaji alirudi na feza mkononi. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha Shirika lile mwaka 1868, alijua kwamba mlango huo mdogo hautoshi. Ndiyo sababu mwaka 1888, akiisha kutumwa na Papa Leone XIII, alizunguka Paris, London na Bruxelles akiwalilia watu wa Ulaya juu ya biashara ya watumwa, mpaka serikali zikasikia aibu.

Lavigerie alikuwa na wazo moja ambalo hakuliacha mpaka kufa kwake mwaka 1892: kwamba Afrika itageuzwa na Waafrika wenyewe. Akawaza hivi: ni mtu gani anayepokelewa katika kila nyumba, hata kwa sultani anayechukia dini? Ni munganga. Basi, kati ya watoto waliokombolewa achaguliwe mwenye akili, afundishwe uganga wa kweli, kisha arudi katika Afrika kama katekista anayeponya. Kwa kazi hiyo alifungua nyumba ya masomo katika kisiwa cha Malta, mwaka 1881, ili vijana wahuzurie masomo ya uganga katika Universite ya kisiwa. Atiman alikuwa mmoja wao.

Lakini wazo lile lilikuwa na ncha mbili. Kardinali alitaka vijana wake wajue yale anayojua munganga wa Ulaya, na papo hapo alitaka wasigeuke kuwa Wazungu: waoe, wale na kulala kama watu watakaowahubiri. Aliogopa kwamba kijana akizoea viatu na kiti cha Ulaya hatakubali tena kukaa katika kijiji. Mtu aweza kuona hekima ndani yake. Aweza pia kuuliza kama ilikuwa rahisi kwa kijana kusoma ubavuni mwa wana wa Malta, kisha wao waende kujenga nyumba za mawe, naye aende mahali ambapo hatakuwa padiri wala ofisa wa serikali. Atiman alikaa mahali hapo miaka 67.

Tuangalie sasa alijifunza nini, kwa maana uganga wa miaka ile haukuwa kama wa leo. Mwaka 1880, katika Algeria ile ile ambamo Atiman alikua, munganga wa jeshi aitwaye Laveran aliona katika damu kile kidudu cha malaria. Mwaka 1882 Koch, Mdachi, alivumbua kidudu cha kifua kikuu. Na mwaka 1887, Atiman akiwa bado Malta, munganga wa jeshi la Waingereza aitwaye David Bruce alivumbua kisiwani humo humo kidudu kinacholeta homa ya Malta, homa inayokwenda na kurudi miezi mingi. Hivi kijana wetu alisoma katika wakati ambapo mafundisho ya kale yalikuwa yakianguka moja moja. Lakini kujua kidudu si kumwua. Dawa yenye nguvu ya hakika juu ya homa ilikuwa moja tu, kwinini.

Wanganga wetu wa maradhi ya ndani katika hospitali za Goma watanielewa nikisema kwamba munganga wa wakati ule aliishi kwa vidole, kwa macho na kwa masikio yake. Hapakuwa picha ya kifua, kwa kuwa ile mionzi ilivumbuliwa mwaka 1895. Katika kituo cha mbali hapakuwa mahali pa kupimia damu. Munganga aliketi karibu na mgonjwa, akamuuliza homa ilianza siku gani, inarudi kila siku au inaruka siku, kama inakuja na baridi. Alitazama weupe wa macho na ulimi. Aligonga kifua kwa kidole akisikiliza sauti: tupu au nzito. Aliweka chombo cha kusikilizia juu ya mapafu na moyo. Alipapasa tumbo upande wa kushoto, chini ya mbavu, kutafuta bandama iliyovimba. Kwa dalili hizo peke yake alipaswa kuamua kama ni malaria, ama mapafu, ama ini, ama kuhara damu. Akikosa, hakuna wa kumsahihisha, isipokuwa kaburi.

Mwaka 1888 alitoka Ulaya kuelekea Tanganyika. Mwaka ule pwani ya Bahari ya Hindi iliwaka vita ya Abushiri juu ya Wadachi, na safari kutoka pwani mpaka Ziwa ilikuwa ya miguu, miezi mingi, kwa njia ile ile ambayo misafara ya watumwa ilishuka. Fikirini mtu huyu: kwa utoto alipita njia ya watumwa kaskazini ya Afrika akiwa yeye mwenyewe mzigo, sasa anaipita ya mashariki akiwa huru, na sanduku la dawa pamoja na msafara. Alifika Karema mwaka 1889, kijana wa miaka 23 hivi.

Karema ilikuwa ngome iliyojengwa na Wabeleji kuanzia mwaka 1879, na wakati ule ilikuwa kimbilio. Ziwa lilikuwa bado chini ya watu wa Rumaliza wa Ujiji, ambao mitumbwi yao ilivusha watumwa kutoka Kongo. Upande wetu Kapitani Joubert, aliyekuwa zamani askari wa Papa, aliwalinda watu wa Mpala na Mrumbi kwa bunduki. Walioponyoka walikuja misioni na vidonda vya miguu, na ndui, na njaa. Hao ndio walikuwa wagonjwa wa kwanza wa namna ya Atiman, na yeye peke yake kati ya wanaoponya hapo aliijua safari yao kwa mwili wake.

Katika mwaka uo huo wa 1889 alimwoa Agnes Wansahira, binti wa sultani wa Wabende. Jambo hili si dogo. Mtu asiye na ukoo katika inchi hii, asiyejua hata lugha yake, aliomba mke kwa wenye inchi, nao wakampa. Tangu siku hiyo hakuwa mgeni tena, alikuwa mkwe. Sisi makatekista tunajua tofauti yake. Padiri huhamishwa, askofu akitaka kesho yuko misioni nyingine. Katekista mwenye mke na shemeji hubaki. Mwana wao Yosefu akawa padiri, na hivyo mtu aliyenunuliwa sokoni aliinama kupokea baraka ya mtoto wake mwenyewe.

Atiman hakuwadharau wenye kujua dawa za mizizi na majani. Alijifunza kwao, akachagua yaliyo na faida. Pengine wengine kati yetu watashangaa, kwa kuwa tulizoea kuambiwa kwamba kila dawa ya porini ni ya uchawi. Lakini sanduku la kwinini liliweza kuchelewa pwani mwaka mzima, na mgonjwa hangojei. Zaidi ya hayo, mtu mwenye kusoma vizuri hana haya ya kumuuliza mzee. Atenge tu dawa na ulaghai, na kazi hiyo ya kutenga ndiyo iliyokuwa ngumu.

Miaka ya kwanza ya karne ya 20 ilileta kando ya Ziwa pigo ambalo wazee wa Mpala na Moba walilisimulia muda mrefu: ugonjwa wa usingizi. Yule Bruce wa Malta alionekana tena mwaka 1903, safari hii Uganda, akaonyesha kwamba ugonjwa huu hupelekwa na nzi, ndorobo. Juu ya malaria pia, ilikuwa mwaka 1897 tu ndipo Ross, kule India, alipogundua njia ya mbu. Kumbe Atiman alikuwa amekwisha kutibu homa miaka minane bila munganga yeyote duniani kujua kwa hakika inatoka wapi! Mambo aliyofundishwa Malta yalimpasa kufundishwa upya, mbali na Universite yote.

Na serikali zikapita mbele ya mlango wake. Alifika kabla Wadachi hawajatia mkono wao vizuri, akawaona Wadachi, mwaka 1916 wakaja Wabeleji pamoja na askari wetu wa Kongo, baada ya vita vile wakashika Waingereza. Maaskofu nao wakapita: Askofu Bridoux alikufa mwaka 1890 baada ya muda mfupi, Askofu Lechaptois akafa Karema mwaka 1917. Munganga alibaki. Eklezia na Serikali wote wawili walimpa nishani, wala sidhani alizikataa, kwani mzee hupenda kuona kwamba kazi yake imeonekana.

Mwisho aliandika mwenyewe maisha yake, nayo yalichapwa mwaka 1946 katika gazeti la wataalamu, Tanganyika Notes and Records. Tuna deni kwake juu ya hayo. Mamilioni ya watoto walivushwa jangwa na bahari, na karibu wote hawakuacha neno moja, huyu aliacha.

Wakati huo wanganga walikuwa wamekwisha kupata penisilini, na mapafu yaliyokuwa yakiua mtu kwa siku saba yalianza kupona kwa sindano. Yeye aliyeanza na kwinini na vidole vyake aliishi mpaka kuyaona mambo hayo.

Adriano Atiman alikufa Karema mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka karibu 90, miaka mitano kabla ya uhuru wa Tanganyika. Hakurudi kukaa kando ya Nijeri. Mtu akisimama Mpala, upande wetu, na kutazama mashariki juu ya maji, Karema iko ng'ambo yake, karibu moja kwa moja.