Louis Braille: Aliyewafungulia Vipofu Mlango wa Kusoma

Kila ifikapo tarehe 4 Januari, dunia huadhimisha siku ya maandishi ya nukta nundu. Nasi tunamkumbuka Louis Braille, Mkatoliki aliyezaliwa siku hiyo mwaka 1809 katika kijiji cha Coupvray, nchini Ufaransa.

Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Louis akiwa na umri wa miaka 3, alichezea zana za karakana, akajichoma jicho. Maambukizi yakaenea hadi jicho la pili, na muda si mrefu akawa kipofu kabisa. Wazazi wake hawakumficha nyumbani. Paroko wao, Padre Jacques Palluy, alimfundisha, naye akasoma shule ya kijiji pamoja na watoto wanaoona. Mwaka 1819 alipelekwa katika Taasisi ya Vijana Vipofu, mjini Paris.

Huko alikutana na mfumo wa Charles Barbier, uliotumia nukta 12. Kidole hakikuweza kuzitambua zote kwa mguso mmoja. Akiwa na miaka 15 tu, Louis alizipunguza zikawa 6, zinazotosha kupanga alama 63: herufi, tarakimu na hata noti za muziki. Mwaka 1829 alichapisha mfumo wake. Baadaye alikuwa mwalimu katika taasisi hiyohiyo, na akapiga kinanda makanisani, akimtumikia Mungu katika Liturujia.

Hata hivyo, walimu wanaoona walichelewa kuupokea mfumo huo, ingawa wanafunzi waliutumia kwa furaha. Louis alifariki kwa kifua kikuu tarehe 6 Januari 1852, na miaka miwili baadaye taasisi yake ikaukubali rasmi. Alipanda, wengine wakavuna. Mwaka 1952 mwili wake ulihamishiwa Panthéon, mjini Paris, lakini mikono yake ilibaki Coupvray.

Wapendwa waamini, kabla ya uvumbuzi huo kulikuwa na wazazi wasiokata tamaa na paroko aliyetenga muda wake kwa mtoto mmoja. Nasi tujiulize: katika jumuiya zetu ndogondogo, yupo mtoto mwenye ulemavu aliyefichwa ndani? Tumtembelee, tuzungumze na wazazi wake, tumsindikize shuleni. Huenda Mungu ameweka ndani yake zawadi ambayo sisi sote tunaihitaji.