Ibn Battuta aliiona Shiraz kabla ya kuiona Kilwa

Kwetu Pwani jina la Shiraz halihitaji kuelezwa. Zipo familia zinazojiita Washirazi, Kenya, Unguja, Pemba hadi Komoro, na ukiigusa nasaba hiyo umegusa heshima ya nyumba. Mjadala ukipamba moto kila mtu humtaja babu yake. Leo namleta shahidi asiye na babu upande wowote: Muhammad Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier, Morocco, mwaka 1304, ambaye katika muda wa miaka minne aliingia Shiraz na akafika Mombasa na Kilwa.

Alitoka kwao mwaka 1325 akiwa na miaka 21, peke yake, kwa nia ya Hija. Alikuwa amesoma fiqhi ya Imam Malik, na elimu hiyo ndiyo ikawa nauli yake, kwani kadhi wa mji hakumwacha mwanachuoni mgeni alale njaa. Akahiji mwaka 1326. Badala ya kurudi kwa wazazi wake, akageukia Iraq na Uajemi.

Alifika Shiraz mwaka 1327. Haja yake kubwa ilikuwa kumuona Kadhi Majd al-Din Ismail, mtu aliyesifika kwa uchamungu, lakini mji wenyewe nao ulimteka. Aliona kwamba mashariki yote hakuna mji unaoikaribia Damascus kwa masoko, bustani na mito isipokuwa huo. Mito mitano ilipita ndani yake, na maji ya mmoja, Ruknabad, yalikuwa baridi wakati wa joto na ya uvuguvugu wakati wa baridi. Jumatatu, Alhamisi na Ijumaa wanawake walijaa msikiti mkuu, elfu moja hata elfu mbili, wamejistiri, na pepeo mikononi kwa sababu ya joto. Wanaodhani mwanamke kwenda msikitini ni jambo la juzi watafute habari hiyo.

Nje ya mji alizuru kaburi la mshairi Saadi, aliyekuwa amefariki kiasi cha miaka 35 kabla. Palikuwa na zawiya, bustani, na mabeseni madogo ya marumaru ya kufulia. Watu walizuru, wakala chakula cha zawiya, wakafua nguo zao, wakarudi mjini. Naye akafua. Leo watalii huenda hapo kupiga picha.

Mwaka 1331 alipanda jahazi Aden, akapitia Zeila na Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa. Usiku mmoja tu, lakini jicho lake halikulala. Aliona kisiwa cha ndizi na malimau kisichootesha nafaka, watu wakila ndizi na samaki. Walikuwa Mashafii, wachamungu, na misikiti yao ilijengwa kwa mbao kwa ustadi. Mlangoni mwa kila msikiti palikuwa na kisima kifupi, na maji yakitekwa kwa chombo cha mti chenye mpini mrefu. Watu walitembea miguu mitupu, kwa hiyo aliyeingia aliosha miguu kwanza, akaifuta kwenye kipande cha mkeka mzito. Aliyekulia karibu na msikiti wa zamani wenye birika na kata ataijua picha hiyo mara moja.

Kilwa aliisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri. Sultani alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Fakiri kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa, sultani akamvulia. Mwanawe akazikomboa kwa watumwa kumi, na baba akaongeza wengine kumi na mizigo miwili ya pembe. Wengi husimulia kisa hicho kwa sifa. Mimi husita kwa wale ishirini waliogawiwa kama kanzu.

Sasa tuje kwenye ushahidi. Mtu huyu alikuwa ameiona Shiraz miaka minne tu kabla. Kilwa alieleza kwamba wengi wa wakazi ni Wazanji weusi sana, wenye chale usoni. Kuhusu Shiraz hakutaja lolote. Tarikh ya Kilwa, inayosimulia habari za Ali bin al-Hasan, mwana wa sultani wa Shiraz, iliandikwa karne ya 16.

Ukimya si hukumu. Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa uchunguzi wa vinasaba kutoka makaburi ya kale ya miji ya Pwani, na ilionekana kwamba wanaume wenye asili ya Uajemi walichanganya damu na wanawake wa Kiafrika tangu kama mwaka 1000. Babu Muajemi yumo, basi. Lakini sehemu kubwa ya urithi ule, mara nyingi zaidi ya nusu, ilitoka kwa nyanya zetu wa hapa hapa, na lugha tunayoringia ni ya Kibantu. Ajabu ni kwamba katika nasaba tunazokariri, nyanya hao hawana majina.

Naandika haya nikiwa Sori, ukingoni mwa Ziwa Victoria, ambako Mpwani ni mgeni na bado huulizwa kama ni Mwarabu. Katika kaunti hii hii ya Migori kuna Thimlich Ohinga, kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa tangu karne ya 16, zilizotiwa katika urithi wa dunia mwaka 2018. Wenyeji hawana haja ya mwanamfalme wa ng'ambo ili wajivunie jiwe lao.

Ibn Battuta aliendelea hadi India, alikokuwa kadhi wa Delhi, kisha Maldives na China. Mwaka 1347 alipita Shiraz tena, akamkuta Majd al-Din angali hai. Alipokaribia kwao alipata habari kwamba mama yake amefariki kwa tauni. Sultani wa Morocco, Abu Inan, alimwamuru asimulie safari zake, na Ibn Juzayy akaziandika. Kazi ilikamilika mwaka 1355. Ilikuwa imepita miaka 24 tangu alale Mombasa, na bado alikumbuka ule mkeka wa mlangoni.