Samuel Colt: Hakuiona bastola iliyolivumisha jina lake

MIONGONI mwa wapenzi wa silaha za kale, ni bastola chache zinazoenziwa kama ile iliyoanza kuundwa mnamo 1873 na kampuni ya Colt mjini Hartford, jimbo la Connecticut, Marekani. Ndiyo ile inayoning'inia viunoni mwa masherifu na wachunga ng'ombe katika filamu za Magharibi ya Marekani. Ni chombo sahili. Anayeishika sharti avute nyundo nyuma kwa kidole gumba kabla ya kila risasi. Nyundo ikivutwa, silinda yenye matundu sita huzunguka hatua moja na kuileta risasi mpya nyuma ya mtutu. Kifyatulio kina kazi moja tu, nayo ni kuiachilia nyundo ianguke.

Mwenye jina hilo, Samuel Colt, alikuwa amelala kaburini kwa miaka 11 bastola hiyo ilipotoka kiwandani. Iliundwa na mafundi aliowaachia kazi, akiwemo William Mason, lakini silinda inayozunguka kwa kuvutwa nyundo ilikuwa fikra yake. Hata mpini wake, uliopinda mfano wa mpini wa plau, ulirithiwa moja kwa moja kutoka kwa bastola aliyoitoa mwaka wa 1851. Mpini huo ndio unaowatia wazimu wakusanyaji hadi leo. Risasi inapotoka, bastola hujiviringisha juu katika kiganja badala ya kukisukuma nyuma, na kidole gumba hujikuta karibu na nyundo, tayari kuivuta tena.

Colt alizaliwa Hartford mnamo Julai 19, 1814. Baba yake, Christopher, alikuwa mfanyabiashara ambaye mali yake ilipanda na kushuka kama maji ya bahari. Mama yake, Sarah, alifariki Samuel akiwa bado mtoto mdogo. Akiwa na umri wa miaka 11 alipelekwa kufanya kazi katika shamba la watu huko Glastonbury. Baadaye alihamia Ware, Massachusetts, kwenye kiwanda cha nguo cha babake, na huko akaanza kuchezea baruti na umeme. Mnamo Julai 4, 1829, aliwaalika wenyeji waje kumtazama akilipua chelezo ziwani. Mlipuko uliwarushia watazamaji maji na matope, na nguo zao za sikukuu zikaharibika. Masomo yake huko Amherst nayo yalikatika baada ya mchezo mwingine wa fataki na moto. Babake akaona dawa ya kijana kama huyo ni bahari.

Mwaka wa 1830, Colt aliabiri jahazi Corvo kuelekea Calcutta, India, akiwa baharia mwanagenzi. Katika safari hiyo alichonga kwa mbao mfano wa silinda ya kuzunguka. Yasemekana alipata wazo hilo kwa kutazama usukani wa jahazi, ambao kila upozungushwa ulifungwa mahali pake kwa kabari. Hadithi hiyo ni tamu na Colt mwenyewe aliipenda, ingawa bunduki za silinda zilikuwapo kabla yake na huenda aliziona njiani. Mchango wake ulikuwa kuiunganisha silinda na nyundo ili kitendo kimoja cha kidole kifanye kazi zote mbili.

Bastola ya kwanza aliyoundiwa kwa fedha za babake ilikuwa aibu tupu: ilipasuka. Akahitaji fedha zaidi. Ndipo kijana wa miaka 18 alipojipachika jina la Daktari Coult, akazunguka mji hadi mji akiwavutisha watu gesi ya kuchekesha na kutoza kiingilio. Hakuwa daktari hata chembe. Mapato hayo alimlipa fundi John Pearson wa Baltimore, ambaye mikono yake ndiyo iliyoiboresha bastola hiyo hasa. Pearson alilalamika mara nyingi kwamba malipo yalikuwa haba na yalichelewa. Wanaomsifu Colt ni wepesi wa kumruka fundi huyu.

Alipata hataza nchini Uingereza mwaka wa 1835 na ya Marekani mnamo Februari 25, 1836. Mwaka huo huo alifungua kiwanda huko Paterson, New Jersey. Bastola ya Paterson ilikuwa na risasi tano, na kifyatulio kilichojificha tumboni hadi nyundo ivutwe. Ilikuwa ghali, dhaifu kwa mikiki ya askari, na jeshi la Marekani halikuitaka. Colt alizichukua silaha zake mwenyewe hadi Florida, walikokuwa wakipigana wanajeshi na Waseminole, akauza chache. Haikutosha. Mnamo 1842 kampuni ilifilisika.

Mwaka huo ulimletea msiba mkubwa kuliko wa mali. Septemba 1841, kakake John alikuwa amemuua mchapishaji mmoja wa New York, Samuel Adams, katika ugomvi wa deni la vitabu. Aliificha maiti katika sanduku na kulipeleka melini. Kesi hiyo iliyatikisa magazeti ya Marekani. Samuel, aliyekuwa hana kitu, alihangaika kumtafutia kakake mawakili na kusimama naye hadi mwisho. John alihukumiwa kunyongwa. Novemba 18, 1842, siku ya kunyongwa, alifunga ndoa gerezani na Caroline Henshaw, mwanamke aliyekuwa amemzalia mtoto wa kiume. Saa chache baadaye alikutwa amejichoma kisu moyoni. Mtoto huyo aliitwa Samuel Caldwell Colt. Samuel alimsomesha, akamwita mpwa wake, na alipofariki akamwachia sehemu kubwa ya mali. Wanahistoria wengi wanaamini kwamba alikuwa mwanawe wa kumzaa. Huenda basi John alimwoa Caroline ili kuisitiri siri ya mdogo wake.

Kwa miaka kadhaa Colt alijishughulisha na mabomu ya chini ya maji yanayolipuliwa kwa nguvu za umeme. Alilipua meli mbele ya wakubwa wa serikali, mara ya mwisho katika Mto Potomac mnamo 1844, lakini serikali haikununua.

Wokovu ulitoka Texas. Huko, askari wapanda farasi walikuwa wamezipata bastola za Paterson zilizonunuliwa na jeshi la majini la jamhuri hiyo. Juni 1844, kapteni John Hays na wenzake wapatao 15 walikabiliana na kundi kubwa la mashujaa wa Kikomanche. Hadi siku hiyo Wakomanche walikuwa na hila iliyowafaa: walingoja adui afyatue gobori lake, kisha wakamvamia kwa mishale kabla hajashindilia tena. Mara hii milio haikukoma. Kwa Wakomanche, waliokuwa wakitetea ardhi yao, ulikuwa mwanzo wa balaa. Kwa Colt, ulikuwa ushahidi alioukosa kwa miaka minane.

Mmoja wa waliopigana siku hiyo, Samuel Walker, alikuwa kapteni katika jeshi la Marekani vita dhidi ya Mexico vilipozuka mwaka wa 1846. Colt alimwandikia. Walker alimjibu kwa sifa, na pia kwa masahihisho: alitaka risasi sita, kinga ya kifyatulio, uzito zaidi, na njia ya kushindilia bila kuivunjavunja bastola vipande. Serikali iliagiza bastola 1,000. Colt hakuwa na kiwanda wala hata bastola moja ya mfano, kwa hiyo kazi hiyo ilifanyiwa katika karakana ya Eli Whitney Mdogo. Bastola iliyotoka mnamo 1847 ilikuwa na uzito wa kilo mbili na ushei. Ilifaa zaidi kubebwa na farasi kuliko binadamu. Walker, ambaye Colt alikuwa amemtumia jozi yake, aliuawa Huamantla, Mexico, Oktoba mwaka huo huo. Faida ya mauzo hayo ndiyo iliyomrudisha Colt Hartford.

Hapo ndipo kipaji chake halisi kilipojitokeza, nacho hakikuwa cha uhunzi. Mnamo 1849 alimwajiri Elisha Root, mjuzi wa mashine, kwa mshahara mnono, akamwachia karakana. Root alibuni mitambo ya kukata kila kipande kwa kipimo kimoja, hivi kwamba kazi ya kuvilinganisha kwa tupa ilipungua sana. Colt mwenyewe alishika kazi ya kuuza. Wakati wa Maonyesho Makuu ya London, mwaka wa 1851, alipanga bastola zake zikawavuta watu kwa mamia, na miaka miwili baadaye alifungua kiwanda mjini humo. Alimlipa mchoraji George Catlin atie bastola na bunduki zake katika picha za nyika na uwindaji. Magazeti aliyatumia kama mtu aliyezaliwa karne moja baadaye.

Zaidi ya yote, alijua thamani ya zawadi. Bastola za kawaida zilikuwa na mipini ya mti wa jozi. Zile za wakubwa zilinakshiwa na mafundi kama Gustave Young, mzaliwa wa Ujerumani, zikatiwa dhahabu. Sultani Abdulmecid wa Uturuki alipata yake, na Nikolai wa Kwanza, mfalme wa Urusi, naye akapata. Hawa wawili walikuwa karibu kupigana, na Colt aliwauzia wote bila kupepesa jicho. Bastola ya 1851 ilizidi 200,000, na kila moja ilichorwa katika silinda vita vya majini vya Campeche vya 1843. Wild Bill Hickok, aliyeuawa Deadwood mwaka wa 1876, alibeba jozi ya aina hiyo yenye mipini ya pembe za ndovu.

Mnamo 1855 Colt alikamilisha kiwanda kikubwa kando ya Mto Connecticut, mahali palipokuwa na mafuriko. Alijenga boma la udongo, akalishikilia kwa miti, kisha akaleta Wajerumani wafume samani kwa matawi yake. Aliwajengea wafanyakazi nyumba na ukumbi. Juu ya kiwanda alisimamisha kuba la buluu lenye sanamu ya mwana wa farasi, maadamu hiyo ndiyo maana ya jina lake. Mwaka wa 1856 alimwoa Elizabeth Jarvis. Kati ya watoto wao, ni Caldwell pekee aliyefikia utu uzima.

Siasa zake hazikuwa za kusifiwa. Majimbo ya Kusini yalipokuwa yakijitenga ili kuulinda utumwa, Colt aliendelea kuyauzia silaha hadi vita vilipoanza Aprili 1861. Baadhi ya magazeti ya Kaskazini yalimwita msaliti. Baada ya hapo kiwanda chake kililihudumia jeshi la Kaskazini usiku na mchana. Mwenyewe alikuwa amechakaa kwa ugonjwa wa jongo. Aliaga dunia Januari 10, 1862, akiwa na umri wa miaka 47, na kuacha mali iliyokisiwa kuwa dola milioni 15.

Elizabeth hakuiuza kampuni hadi 1901. Kiwanda kilipoteketea Februari 1864 alikijenga upya, na kuba la buluu likarudi mahali pake. Aidha alijenga kanisa kwa kumbukumbu ya mumewe na watoto, na katika mlango mmojawapo mafundi walichonga kwenye mawe sehemu za bastola. Sijui kanisa jingine lenye pambo la aina hiyo.

Risasi za ganda la chuma zinazoingizwa kwa nyuma ya silinda zilikuwa zimefungiwa na hataza ya Rollin White, iliyoshikwa na wapinzani, Smith & Wesson. Ilipokwisha mnamo 1869, njia ya bastola ya 1873 ilifunguka. Zaidi ya 350,000 ziliundwa hadi 1940, na uundaji ukaanza tena 1956, filamu na televisheni zilipoamsha hamu. Mmiliki wake mashuhuri katika vita alikuwa Jenerali George Patton, aliyeinunua 1916 ikiwa na mipini ya pembe za ndovu. Alikasirika kila mtu alipodhani ni ganda la chaza.

Pembe hizo zinatuhusu. Katika karne ya 19, miji ya Deep River na Ivoryton, katika jimbo hilo hilo la Connecticut, iliishi kwa kukata pembe za ndovu kutengenezea vitana na vibonyezo vya piano, na sehemu kubwa ya shehena ilitoka Zanzibar, baada ya kubebwa mabegani na wapagazi na watumwa kutoka bara. Mnamo Julai 1989 Kenya iliteketeza tani 12 za pembe jijini Nairobi, na baadaye mwaka huo mataifa yakaafikiana kupiga marufuku biashara hiyo. Marekani yenyewe ilikaza sheria zake mwaka wa 2016. Mafundi wa mipini ya bastola za Colt sasa hutumia pembe za kulungu, mifupa, mti wa jozi, na plastiki iliyotiwa mistari hafifu ili ifanane na pembe halisi.