JAMES PARKINSON, MUNGANGA ALIYETAZAMA WATU BARABARANI (1755–1824)

Katika ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri tumezoea kuchora sura ya mtu juu ya stensili, kisha tunaandika habari zake chini. Mara hii hamtaona sura yoyote. Si kwamba mchoraji wetu amekuwa mvivu. Ni kwamba hakuna picha ya James Parkinson inayojulikana. Alikufa mwaka 1824, wakati watu walikuwa hawajaanza kupigwa picha kwa kamera. Kwa hiyo zile picha za kamera zinazoonyeshwa kwa jina lake ni za watu wengine. Sura yake imepotea kabisa, lakini jina lake linatajwa kila siku katika lopitali za dunia nzima.

Tumemchagua juu ya sababu moja. Katika makartiye yetu wengi wetu tumekwisha kuona mzee ambaye mkono wake unatetemeka wenyewe, anatembea ameinama, hatua fupi fupi, kama mtu anayetaka kuanguka mbele. Wengine wanasema amelewa. Wengine wanasema amelogwa, ao yeye mwenyewe ni mulozi. Watoto wanamfuata na kumcheka. Parkinson aliona watu wa namna ile ile katika mji wake, naye hakucheka. Alisimama, akatazama, akauliza, akaandika. Basi, tumfuate pole pole.

KUZALIWA NA MASOMO YAKE

Parkinson alizaliwa tarehe 11 Aprili 1755 pale Hoxton, kando ya mji wa London, katika Uingereza. Baba yake, John Parkinson, alikuwa mtengeneza dawa na mpasuaji. Mtoto alijifunza kazi ile kwa baba yake, ginsi mafundi wa siku zile walivyowafundisha vijana wao. Mwaka 1776 alitumika miezi sita katika Lopitali ya London, akifunga vidonda na kusaidia wapasuaji. Mwaka uliofuata alisaidia kumrudishia uhai mtu aliyekuwa amejinyonga, akapewa medali ya fedha na chama kilichohusika na kuokoa watu waliokaribia kufa. Alikuwa na miaka 22 tu.

Mwaka 1783 alimwoa Mary Dale katika kanisa la Mtakatifu Leonard, Shoreditch, kanisa lile lile alimobatizwa. Mwaka 1784 baba yake alikufa, na kazi yote ikabaki juu ya mabega yake. Hata hivi hakuacha kujifunza. Mwaka 1785, akiwa na miaka 30, bibi na wagonjwa wakimngoja, alikwenda tena kuketi kama mwanafunzi mbele ya John Hunter, mpasuaji mwenye sifa kubwa. Aliandika mafundisho ya Hunter kwa mwandiko wa mkato, asikose neno. Daftari zile zilitunzwa vizuri hata mwanawe akazichapa kuwa kitabu mwaka 1833. Sisi ambao daftari zetu zinapotea mbele ya mitihani, tuonee haya kidogo.

MTETEZI WA WANYONGE

Hoxton ya siku zile ilikuwa na maskini wengi. Parkinson aliwatibu, akaandika vitabu vyepesi juu ya afya kwa ajili ya jamaa zao na watu wa vijijini. Lakini aliona pia kwamba dawa peke yake haitoshi kama mtu hana chakula wala sauti. Akaingia katika chama kimoja cha London kilichodai kwamba kila mwanaume, hata fundi wa viatu, apige kura. Aliandika vijitabu vya kuwachoma wakubwa, akitumia jina la uongo, Old Hubert, maana yake Mzee Hubert.

Mwaka 1794 mambo yakawa makali. Watu wa chama kile walikamatwa, wakashitakiwa kwamba walitaka kumwua mfalme George wa Tatu kwa mshale wa sumu, utoke ndani ya mrija wa kupuliza. Parkinson alifika mbele ya baraza la mfalme, ambamo waziri mkuu William Pitt aliketi, kusudi awashuhudie rafiki zake. Pale pale alikiri kwamba Mzee Hubert ni yeye. Hapana mchezo: angeweza kufungwa. Mwisho mashitaka yale yalianguka, washitakiwa wakaachiliwa, naye akarudi kwa wagonjwa wake.

Tunapita upesi juu ya kazi yake nyingine, ingawa ni kubwa. Alikusanya mabaki ya wanyama na miti ya zamani yaliyogeuka kuwa mawe, akaandika juu yake vitabu vitatu vikubwa kati ya 1804 na 1811. Mwaka 1807 alikuwa mmoja wa wale walioanzisha chama cha wajuzi wa mawe na udongo pale London. Kwa mawe vilevile alikuwa na desturi moja: kutazama kwanza, kusema nyuma.

TUMBO LA MTOTO, MIKONO YA WAZEE

Mwaka 1812 yeye na mwanawe John walitoa habari ya mtoto wa miaka 5 aliyekufa kwa maumivu ya tumbo. Walipofungua mwili waliona kidole-tumbo kimeoza na kutoboka, nacho ndicho kilichomwua. Habari ile ni kati ya zile za kwanza kabisa katika Kiingereza kueleza ugonjwa ambao leo tunauita apendisiti.

Miaka mitano nyuma yake, mwaka 1817, alitoa kijitabu cha kurasa 66 tu juu ya ugonjwa wa kutetemeka. Alikuwa na miaka 62. Ndani yake mna watu sita. Sikieni vizuri: wawili kati yao alikutana nao barabarani tu, na mmoja alimwona kwa mbali. Mmoja alikuwa mfanyakazi wa bustani. Mwingine aliwahi kuwa baharia. Mwingine alikuwa na miaka 62, sawasawa na yeye mwenyewe. Watu elfu walipita karibu nao kila siku, lakini hakuna aliyefahamu kwamba wale sita wana ugonjwa mmoja. Parkinson alifahamu.

Aliandika ginsi mkono unavyotetemeka wakati umepumzika. Ginsi mtu anavyoshindwa kuandika, kisha kula. Ginsi mwili unavyoinama na miguu kukimbia bila kutaka. Ginsi usingizi unavyoharibika na mate kutiririka. Tena aliandika jambo ambalo watu wenye adabu hawapendi kulitaja: choo. Aliona kwamba matumbo ya wagonjwa hawa yalikuwa mazito tangu mbele, na ugonjwa ukizidi, hata dawa kali za kuharisha zilihitajiwa. Akafikiri pia kwamba huenda tumbo lililoharibika linaweza kuleta ugonjwa katika uti ulio ndani ya mifupa ya shingo na mgongo. Lakini hapo hapo alikiri kwamba hawezi kuonyesha njia ambayo ubaya ungepitia toka tumboni mpaka kule juu.

Alikosa pia, lazima tuseme. Alishauri kutoa damu shingoni na kuunguza ngozi kwa dawa ili usaha utoke. Leo hakuna munganga anayefanya hivyo kwa ugonjwa huu. Alifikiri akili ya mgonjwa haiguswi. Leo tunajua kwamba kwa wengine inaguswa. Lakini yeye mwenyewe aliomba radhi kwamba anatoa mawazo bila kupasua maiti hata moja, akawaomba wajuzi wa mwili waendelee pale alipoishia.

Alikufa kwa kiharusi tarehe 21 Desemba 1824, akazikwa kwa kanisa lile lile la Shoreditch. Ugonjwa ule haukuwa na jina lake bado. Ni munganga Mfaransa, Jean-Martin Charcot wa Paris, aliyeshauri miaka mingi nyuma kwamba uitwe ugonjwa wa Parkinson.

SWALI LAKE LINARUDI

Wajuzi waliitikia ombi lake. Mwaka 1919 Konstantin Tretiakoff alionyesha kwamba ubaya mkubwa uko katika sehemu ndogo nyeusi ndani ya ubongo. Chembe za pale zinatengeneza dopamini, na zikifa mwendo wa mwili unaharibika. Tangu miaka ya 1960 kuna dawa, levodopa, inayorudisha mwendo kwa sehemu nzuri, lakini haiponyi. Basi watu walitazama ubongo, tumbo likasahauliwa.

Kumbe tumbo lilikuwa linangoja. Imeonekana kwamba kwa wagonjwa wengi choo kigumu kinaanza miaka mingi mbele ya mkono kutetemeka. Mwaka 2003 Mjerumani Heiko Braak na wenzake walitoa wazo kwamba kwa wengine ugonjwa huenda unaanza tumboni ao puani, unapanda kwa mshipa wa fahamu unaounganisha tumbo na ubongo. Si wajuzi wote wanaokubali, wala si wagonjwa wote wanaofuata njia hiyo. Lakini ile njia ambayo Parkinson hakuweza kuionyesha, sasa inatafutwa kwa nguvu.

Wenzetu wa seksio ya biokimia watapenda sehemu hii. Ndani ya utumbo mpana mna bakteria nyingi sana. Tukila maharagwe, sombe, mahindi ao ndizi za kupika, kuna nyuzinyuzi na wanga mwingine ambao mwili hauwezi kusaga. Bakteria wanauchachusha, ginsi pombe inavyochacha ndani ya mtungi, na kutoka hapo wanatengeneza asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi: asetati, propionati na butirati. Butirati ni chakula cha chembe za ukuta wa utumbo. Mwaka 2016 watafiti wa Ujerumani walipima choo cha wagonjwa wa Parkinson, wakaona asidi hizi zimepungua kuliko kwa watu wazima wa afya.

Hapo wengine wanaruka upesi: kama zimepungua, tuziongeze! Na vidonge vya butirati vinauzwa. Lakini mwaka ule ule wa 2016, kule California, watafiti walitumia panya waliofanywa wawe na protini ya ugonjwa huu kwa wingi. Panya waliolelewa bila bakteria yoyote walitembea vizuri zaidi. Walipopewa asidi zile zile, ugonjwa ukazidi. Sasa tumwamini nani? Majaribio kwa watu yamefanyika, lakini ni madogo. Moja la Ujerumani, lililotolewa mwaka 2022, lilitumia wanga usiosagika kwa juma 8. Butirati iliongezeka na taabu fulani zisizo za mwendo zilipungua. Jingine la Chicago, la mwaka 2023, lilikuwa na watu 20 kwa siku 10 tu, bila kundi la kulinganisha. Ni mwanzo mzuri, lakini hakuna lililoonyesha kwamba ugonjwa umesimama. Yule anayemwambia mzee atapona kwa vidonge hivi anauza tumaini ambalo hana.

FUNDISHO KWETU

Kwanza, tutazame. Parkinson hakuwa na mashini. Alikuwa na macho, masikio, na ujasiri wa kumsimamisha baharia mzee barabarani na kumwuliza habari zake kwa heshima. Hata habari za choo hakuziona aibu.

Pili, tutenganishe tulichoona na tunachofikiri. Alichokiona kimedumu zaidi ya miaka 200. Alichokifikiri juu ya damu ya shingo kimetupwa. Na kwa kuwa yeye mwenyewe alionyesha ni kipi na ni kipi, waliokuja nyuma yake hawakupotea.

Tatu, tusiwatese wazee wetu. Mkono unaotetemeka si ulozi, wala si lazima pombe. Mzee yule apelekwe kwa munganga, kwa sababu dawa ya kumsaidia iko. Kama choo ni kigumu, maji ya kutosha na chakula cha nyuzinyuzi kinasaidia tumbo, na hakihitaji kununuliwa kwa bei ya vidonge. Ila anayetumia levodopa amwulize munganga saa za kula, maana nyama, samaki na maharagwe vikiliwa pamoja nayo vinaweza kupunguza nguvu yake. Na asiache dawa yake juu ya kidonge alichosifiwa na mtu wa sokoni.

Tarehe 11 Aprili, siku aliyozaliwa Parkinson, ndiyo siku ya dunia ya kukumbuka ugonjwa huu. Tunapendekeza kwamba siku hiyo, masomo yakiisha, kila mmoja wetu aende kumsalimu mzee mmoja anayetetemeka katika kartiye yake. Asiende kumponya, hatuwezi. Aketi naye, amshikie kikombe cha chai, amsikilize. Munganga ambaye hatujui sura yake alianza hivyo hivyo.

Ni sisi, wanafunzi waandikaji wa gazeti lenu.