Siri ya mtoto iliyomponza Malkia wa Urusi

Ninapofundisha madhara ya uvumi, wanafunzi wangu hutaka mfano ulio hai. Mimi huwapa kisa cha Alexandra, mke wa Nicholas wa Pili, mfalme wa mwisho wa Urusi.

Alizaliwa Darmstadt, Ujerumani, mwaka 1872, mjukuu wa Malkia Victoria wa Uingereza. Aliolewa Novemba 1894, wiki chache tu baada ya kufariki baba mkwe wake. Alikuwa mgeni mwenye haya nyingi, na wakubwa wa pale wakaidhania haya ile kuwa ni kiburi.

Alizaa mabinti wanne, ilhali kiti kilimsubiri mtoto wa kiume. Agosti 1904 akazaliwa Alexei. Furaha haikudumu. Mtoto alikuwa na hemofilia, maradhi ya damu kutoganda, ambayo mama huweza kumrithisha mwanawe bila yeye mwenyewe kuugua. Wazazi wakaamua kuwaficha raia.

Hapo ndipo alipopata nafasi Grigory Rasputin, mkulima wa Siberia aliyesifika kwa maombi. Mwaka 1912 madaktari walikata tamaa kabisa, Rasputin akatuma simu ya maandishi kwamba mtoto hatakufa, na kweli akapata nafuu. Tangu hapo mama hakusikia la mtu.

Raia, ndugu msomaji, hawakujua mtoto anaumwa nini. Walichokiona ni mwanamume mwenye sifa mbaya akiingia na kutoka kwa malkia. Wakajijazia wenyewe.

Vita vilipozuka mwaka 1914, Alexandra na mabinti zake wawili wakubwa walisomea uuguzi, wakawafunga vidonda majeruhi. Hilo halikumsaidia. Mwaka 1915 mfalme alikwenda kuongoza jeshi, na sauti ya mkewe ikawa kubwa serikalini. Katika mwaka mmoja na nusu nchi ikaongozwa na mawaziri wakuu wanne. Akaitwa jasusi wa Wajerumani, tuhuma ambayo wachunguzi hawakuipatia ushahidi.

Rasputin aliuawa Desemba 1916. Machi 1917 mfalme akajiuzulu. Julai 1918 familia nzima ikapigwa risasi mjini Yekaterinburg.

Simtakasi Alexandra. Alimtii mtu mmoja, akawapa kisogo waliomwonya, akiwemo dada yake wa damu. Wala sisemi siri ile pekee ndiyo iliyouangusha ufalme. Palikuwa na njaa, vita na dhulma. Lakini kiongozi anapofunga mlango wa habari ya kweli, uongo hupitia dirishani. Na sisi tulio nje tujiulize: ni wangapi tunaowahukumu leo, na huko ndani kwao kuna mtoto mgonjwa?